Kadi Namba 14

Kangemi,
Jumamosi, 8 Februari 2025

Kwa Dada Naliaka, malkia wa theluji,

Niaje huko? Sisi huku tuko, na atakayekwambia hatuko mwonyeshe karatasi hii. Mama anakusalimu. Goti lake la kushoto linatabiri mvua kuliko redio, na bado linampeleka sokoni kila asubuhi na mzigo wake wa mboga, saga na mrenda. Anasema uvae soksi mbili, ule chakula cha moto, na usikubali kuolewa na mtu asiyeujua ugali. Hayo ni ya Mama. Mimi sijafungua mdomo.

Uliniambia nikuandikie, eti kwenye simu nakuchekesha mpaka unasahau ulichotaka kuuliza. Haya, naandika. Hii simu yangu ya kabambe haijui WhatsApp, kwa hivyo Beryl wa saiba, pale pa kompyuta na intaneti, anapiga karatasi picha anakutumia, na zako anazichapisha nikipita Jumamosi. Nimemwambia asisome. Anasoma. Beryl, nakuona.

Sasa keti. Umeketi? Ndugu yako si kibarua tena. Kule machinjioni Dagoretti nimeandikwa kazi. Nina kadi, ya plastiki, na kamba ya shingoni, namba 14. Mama aliwatangazia kina mama wa kanisa mpaka mwenyekiti wao akaiombea kadi yangu kwa namba. Nabeba nusu ya ng'ombe begani peke yangu, na watu wakiniona wanasimama kando kama ambulensi inapita.

Na kuna lingine. Chumba chetu cha baridi kinawekewa mashine mpya. Mlango unajifunga wenyewe, halafu upepo wa kugandisha nyama unaanza wenyewe, kazi yote ni ya kompyuta. Meneja wetu, Wachira, alikuwa anausifu pale uani. Nikamuuliza mbele ya watu: "Na nani amekagua maagizo ya hiyo kompyuta? Maanake dada yangu yuko Uholanzi, na kazi yake ni kusoma maagizo kabla kompyuta haijayajua, aseme hapa mmekosea." Wachira akacheka. Halafu akaacha kucheka, akauliza jina lako.

Sijui nimekufanyia nini. Ukipata kazi, nusu ya sifa ni yangu.

Tegemeo la ukoo,
Lusweti
Kadi Namba 14


Delft, Uholanzi,
19 Februari 2025

Lusweti mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango kwa sababu mwenzangu wa chumba alitaka kujua nacheka nini. Mwambie Mama soksi ni mbili na hakuna mchumba. Alikande lile goti kwa maji ya chumvi, asingoje liote mizizi. Nakupa hongera ya kadi. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Na ulichonifanyia ni hiki: Bwana Kibe, mwenye kampuni ya programu iliyo Loita Street, huko mjini, ameniandikia. Ndiye anayewatengenezea ile kompyuta ya mlango. Ameniomba nikague waraka wake wa masharti, nami nimekubali.

Umekuwa ukiwaeleza watu kazi yangu bila kuijua, kwa hivyo wacha nikueleze. Mtu akitaka programu, kwanza huandikwa waraka: itafanya hivi, haitafanya vile. Kila sentensi ni sharti. Makosa mabaya huzaliwa hapo, kwenye maneno ya watu, kabla fundi hajagusa kompyuta. Mimi nageuza kila sharti kuwa hesabu. Kisha naiambia mashine: nitafutie siku moja, moja tu, ambayo kila sharti limefuatwa na bado mtu ameumia. Ikiikosa, si kwamba imechoka kutafuta. Imethibitisha kwamba siku hiyo haiwezi kuwepo.

Waraka wa Kibe una masharti thelathini na saba. Kwa dakika nne mashine ikanipa siku mbaya. Sharti la 9: mlango utafunguka kutoka ndani wakati wowote. Sharti la 31: upepo ukianza, mlango hautafunguka mpaka nyama igande. Sasa mtu yuko ndani na upepo umeanza. Kompyuta itii lipi? Humo ni nyuzi thelathini chini ya sifuri, Lusweti, na upepo juu yake. Mtu aliyelowa jasho hamalizi saa moja.

Kibe amejibu kwa kuongeza sharti jipya: upepo hautaanza mpaka kila kadi iliyoingia iwe imetoka. Ni sawa, lakini kwa hali moja tu. Je, kila mtu anayeingia chumba cha baridi ana kadi yake mwenyewe? Sisemi karibu kila mtu. Nasema kila mtu. Wachira amesema ndiyo, ila meneja huketi ofisini. Wewe unaingia. Mashine yangu haiwezi kufika Dagoretti ikaangalie, hapo inategemea neno la mtu, na mtu niliye naye ni wewe.

Nijibu kwa maandishi.

Dada yako,
Naliaka


Kangemi,
Jumamosi, 8 Machi 2025

Dada Naliaka, mpelelezi wa sentensi,

Salamu kutoka kwa goti la Mama, limekandwa kwa maji ya chumvi likatulia siku mbili, ya tatu likadai ndizi. Mvua haijanyesha vizuri lakini matope yamefika mapema, sijui yanatoka wapi. Yule jogoo wa jirani aliyekuwa akikuamsha ukisoma amekwenda na mafuriko ya supu. Pole kwa aliyefariki, hongera kwa waliokunywa.

Kwa hivyo unalipwa kusoma sentensi za watu na kuzitafutia makosa! Mama amenifanyia hiyo kazi bure miaka ishirini. Nimemweleza Beryl mambo ya siku mbaya na mashine, nikamweleza vizuri kuliko wewe, na akaniuliza kama nilifika Form Four. Nikamwambia hesabu tuliachana Form Two kwa amani.

Ati nyuzi thelathini. Wewe unaogopa baridi ya huko ya kubembeleza? Njoo uone ya kwetu, ile inauma meno ukiwa umefunga mdomo. Juzi nilikaa humo muda wa nyimbo nne, nikatoka nikitoa moshi kama chapati.

Swali lako: ndiyo.

Kila mtu ana kadi. Kwani unafikiri Dagoretti tunaingia tu kama mbuzi? Mimi yangu nalala nayo.

Usinisumbue tena na maswali ya ofisi. Niulize ya ng'ombe.

Bingwa,
Lusweti
Kadi Namba 14


Delft,
17 Machi 2025

Lusweti,

Asante. Nimepata nilichohitaji.

Huku siku zinaanza kurefuka. Nimemtumia Mama picha za maua kwa simu ya mchungaji, mwambie aziangalie kabla ya ibada, si ndani yake. Kazi ya Kibe inaendelea vizuri. Sina mengi ya kusema juu yake.

Ulisema ulikaa humo muda wa nyimbo nne. Ulikuwa unafanya nini humo peke yako muda huo wote?

Naliaka


Kangemi,
Jumamosi, 19 Aprili 2025

Kwa Dada mwenye maua,

Mama ameyaona maua. Ameyaona kanisani, wakati wa mahubiri, na akampitishia mwenyekiti, na mwenyekiti akampitishia kwaya. Mchungaji alihubiri kwa watu sita. Goti liko. Kesho ni Pasaka na nyumba nzima inanuka unga wa mandazi, ninaandikia mlangoni kwa sababu ndani nimefukuzwa kwa wizi wa mandazi mawili, wanayosema ni matano.

Hizi wiki mbili, Dada, ungeniona ungenitungia wimbo. Maagizo ya Pasaka yamekuja kama mafuriko. Hoteli za mtaa wa Karen zinataka mapaja, shule zinataka mbavu, kila mtu anataka jana. Alhamisi tulikuwa watu hamsini na saba ndani ya kile chumba, nilihesabu mwenyewe nikingojea ndoano, hamsini na saba, tunapishana kama siafu na nusu ng'ombe mabegani. Kitavi akasema hajawahi kuona hivyo tangu aanze kazi, na Kitavi alianza kazi ng'ombe wakiwa bado wanaongea. Ni mzee wa heshima, ndiye aliyenifundisha kubeba bila kuvunjika. Nami sasa namfundisha mwingine, Kimanzi, kijana mgeni kutoka Mwingi. Mkubwa kama kabati na hasemi. Ukimwambia panga nyama, anapanga mpaka umwambie acha.

Ile mashine ya chumba imeshawekwa, bado haijawashwa. Kando ya mlango, badala ya kile cha zamani cha kufungulia tu, kuna kidude kipya cha kugusisha kadi, kinalia tii, na skrini inaonyesha idadi ya kadi zilizo ndani. Wachira alitupanga akatuhutubia kama chifu: "Kadi ni arobaini, na ni arobaini tu, ukipoteza yako usinililie." Wataiwasha Jumatatu tarehe 12 Mei, kwa sherehe, na mchungaji, na soda.

Swali lako la nyimbo nne silikumbuki.

Mtu wa watu,
Lusweti
Kadi Namba 14


Delft,
23 Aprili 2025

Lusweti,

Heri ya Pasaka kwako na kwa Mama. Leo sina salamu ndefu.

Nimechukua sentensi tatu nikaziingiza kwenye mashine, kama ninavyofanya na waraka wa mtu yeyote.

Kila anayeingia ana kadi yake mwenyewe. Hiyo umeandika wewe, Machi.

Kadi ni arobaini, na ni arobaini tu. Hiyo ni ya Wachira, umeandika wewe, Aprili.

Alhamisi walikuwa ndani watu hamsini na saba. Hiyo umehesabu wewe, ukaandika mara mbili kwenye mstari mmoja.

Mashine imejibu kwa sekunde isiyotimia. Imesema hizi tatu haziwezi kuwa za kweli pamoja. Haijui ipi ni ya uongo, na haijali nani ni ndugu ya nani. Inajua tu kwamba hazikai chumba kimoja.

Hesabu yako naiamini. Hukuwa na sababu ya kuidanganya, ulikuwa unajisifu kwa jambo lingine. Wachira alisema mbele ya watu. Inabaki moja.

Sikuulizi kwa nini. Nakuuliza ipi. Wale kumi na saba wanaingiaje? Na wewe uko miongoni mwa arobaini au miongoni mwa kumi na saba?

Tarehe 12 Mei mlango huo utaanza kuhesabu kadi na kudhani unahesabu watu. Kadi zote zikitoka, kwake chumba ni kitupu. Utafunga. Upepo utaanza. Na kutoka ndani hautafunguka, kwa sababu lile sharti la 9, la kufungua kutoka ndani, limeondolewa.

Nijibu kabla ya Jumamosi. Usingoje.

Naliaka


Kangemi,
Jumamosi, 3 Mei 2025

Dada,

Hatujambo. Mama hajambo, goti halijambo. Mvua sasa ni ya kweli, njia ya kushuka sokoni imekuwa mto na kuna jamaa anavusha watu mgongoni. Alinivusha mimi, nikamwambia siku nyingine nitamvusha yeye, akaangalia miguu yangu akacheka, sijui alicheka nini.

Barua yako Beryl aliniletea mpaka nyumbani siku ya Jumatatu. Hakuingoja Jumamosi. Akanipa, akasimama. Nikamwambia nitaisoma baadaye. Akasema yeye ameshaisoma.

Wewe ulitoka ukaenda shule za mbali tukakupigia vigelegele. Mimi nikiwa na kitu kidogo changu mnaleta mashine kukipima. Ni mara ngapi Mama amesimama kanisani kwa sababu yangu? Mara moja. Hesabu hiyo.

Pengine sikuhesabu vizuri. Pengine walikuwa arobaini.

Lusweti
Kadi Namba 14


Delft,
6 Mei 2025

Lusweti,

Nimekupigia mara sita. Mara mbili ulikata, mara nne ulikuwa umezima.

Kuna jambo sikukuandikia mwezi Machi, na naliandika sasa. Nilitaka sharti la 9 libaki. Kibe alikataa, akasema wenye machinjio wamechoka na watu kufungua mlango nyama ikaharibika. Ningeweza kung'ang'ana. Lakini nilikuwa na jibu lako, ndiyo, kila mtu, nikalitumia kama nguzo. Nikaandika ripoti kwamba waraka ni salama, nikaweka jina langu chini. Ilienda tarehe 14 Machi. Siku nilipokuambia kazi inaendelea, ilikuwa imekwisha.

Jana nimemwandikia Kibe asimamishe. Amenijibu kwa upole: ripoti ni yako, meneja amethibitisha, una ushahidi gani mpya? Ushahidi nilio nao ni barua ya mdogo wangu inayosema pengine hakuhesabu vizuri. Wachira naye hapokei namba za nje.

Sina mtu mwingine hapo. Nenda Loita Street, orofa ya tisa, umwambie Kibe kwa mdomo wako. Ukikosa Kibe, mwambie Wachira. Ukikosa Wachira, keti mlangoni mwa hicho chumba.

Mama alisimama kanisani kwa sababu yako. Wale kumi na saba nao wana mama zao.

Naliaka


Kangemi,
Jumanne, 13 Mei 2025

Dada Naliaka,

Tuko hai wote. Naanza na hiyo kwa sababu najua utaruka mistari ukiitafuta.

Sina kadi. Sijawahi kuwa nayo. Namba 14 ni ya Kitavi. Mimi ni kibarua vilevile, nafika langoni saa kumi na moja alfajiri napanga foleni na wengine, wakinichagua naingia. Kwenye chumba cha baridi tunaingia kwa mgongo, ndivyo tunavyoita. Mwenye kadi anagusisha, mlango unafunguka, anauzuia kwa kiatu, na sisi tunapita nyuma yake wawili, watatu. Mimi mgongo wangu ni Kitavi. Yeye akitoka kunywa chai sisi tunabaki tukipanga nyama. Zile nyimbo nne nilikuwa namngoja arudi anifungulie. Kila mtu anajua isipokuwa wenye karatasi. Na Wachira anajua, ila hajui kama anajua.

Barua yako nilipewa Alhamisi. Ijumaa sikwenda kazini, nilikwenda Loita Street, nimevaa shati lako lile la bluu uliloliacha. Orofa ya tisa, kapeti mpaka kwenye lifti. Karani akaniuliza, "Wewe ni nani pale machinjioni?" Dada, mdomo wangu ni mnyama. Nilitaka kusema kibarua. Mdomo ukasema, "Mwajiriwa." Akasema, "Sawa, niachie kadi hapa upewe ya wageni." Nikapapasa shingo. Nikapapasa mfukoni. Nikamwambia nimeisahau kwa gari. Nikashuka ngazi za orofa zote tisa kwa miguu.

Jumamosi na Jumapili sikula. Mama akadhani ni malaria.

Jana. Hema, soda, mchungaji, Bwana Kibe na gamubuti mpya za mpira zenye karatasi ya dukani bado imebandikwa. Tukaambiwa tujaze chumba kwanza ndipo kiwashwe. Niliingia kwa mgongo wa Kitavi, na Kimanzi nyuma yangu, na barua yako kwenye gamubuti. Nikasema nitamwambia Wachira nikitoka. Nikaanza kupanga maneno. Halafu Wachira akaita kutoka nje: "Wenye kadi wote mje tupigwe picha!"

Wakatoka. Tii, tii, tii, arobaini. Na mimi, Dada, mimi nilitoka nao. Nilimfuata Kitavi kisigino kwa kisigino nikatoka nikajibana ukingoni mwa mstari ili nionekane kwenye picha. Hiyo ndiyo sababu. Sikutoka kuokoa mtu.

Mpiga picha akasema chekeni. Nikacheka. Nyuma yake niliona skrini, imeandikwa NDANI: 0, na Bwana Kibe anawaonyesha wageni ile sifuri kama mtoto wake. Nikatafuta vibarua wenzangu, nao wametoka nyuma ya wenye kadi, wako kando ya hema na soda. Kumi na tano. Nikahesabu tena. Kumi na tano, na mimi kumi na sita. Halafu mlango ukajifunga polepole, bila mtu kuugusa, na kengele ikaanza. Sekunde sitini, zinarudi nyuma kwenye skrini.

Kimanzi. Hakuna aliyemwambia atoke. Yeye hana kadi, na walioitwa ni wenye kadi. Na mimi nilikuwa nimemwambia panga mpaka nikwambie acha.

Nikasema, "Kuna mtu ndani." Kengele ikaimeza sauti. Nikasema tena ikatoka mpaka mchungaji akaacha soda.

Wachira akasema, "Skrini ni sifuri. Usitie watu wasiwasi bure."

Bwana Kibe akasema, hata hakukasirika, "Haiwezekani, kijana. Imethibitishwa. Dada yako mwenyewe ndiye aliyethibitisha."

Skrini: arobaini na moja. Arobaini.

Nikamwambia, "Alithibitisha uongo wangu. Nilimwambia tuna kadi. Hatuna kadi! Mimi sina, Kimanzi hana, tuko kumi na saba tunaingia kwa mgongo."

Wachira akawageukia wenye kadi. "Nani anaingiza watu hapa?"

Kila mtu alikuwa anaangalia gamubuti zake. Thelathini na mbili. Mtu anayejibu hapo anapoteza kazi, na kila mtu alijua. Mimi sikumwangalia Kitavi. Nilimwonea huruma nikaangalia mlima wa soda. Ndipo nikamsikia: "Mimi. Namba 14. Huyo kijana aliyebaki aliingia nyuma yangu. Fungueni mlango kabla sijauvunja."

Bwana Kibe akakimbia, gamubuti zikimtoka. Akagonga kitufe chekundu cha kusimamisha, kando ya skrini, zikiwa zimebaki sekunde kumi na moja.

Mlango ukafunguka. Kimanzi akatokea na nusu ya ng'ombe begani, nyusi nyeupe, amekasirika. Kwa mara ya kwanza nikamsikia anasema maneno mengi pamoja: "Nani ananifungia? Hizi mbavu mnataka ziende wapi?"

Bwana Kibe aliketi chini kwenye matope.

Sisi kumi na saba tumefukuzwa langoni. Kitavi amenyang'anywa kadi mwezi mzima. Nilimfuata barabarani kumwomba msamaha, akanyoosha mkono, si wa salamu, wa kunizuia.

Mama nimemwambia jana jioni. Alikuwa anachambua mrenda. Akasema, "Nilijua. Mtu mwenye kadi haamki saa kumi kwenda kupanga foleni." Nikamuuliza mbona alisimama kanisani. Akasema alikuwa ananingoja nifike mahali alipokwisha kunitangaza.

Lusweti


Delft,
20 Mei 2025

Lusweti,

Nimelia kwanza, ndipo nikapata hasira, sasa nimerudi kwenye kulia. Mwambie Mama nitampigia Jumapili, na wewe uwepo, na usikate.

Nimemwandikia Kibe kurasa mbili. Nimemwambia hesabu yangu ni sahihi na ripoti yangu ni batili. Hakunielewa mwanzoni. Nikamwambia nilithibitisha jengo zima na sikukanyaga ardhi lilipokaa. Ningeweza kuuliza watu wawili. Ningeweza kumwomba Wachira anipe namba ya mbebaji mwingine. Sikufanya, kwa sababu jibu lako lilinifaa. Hilo ni langu, usilibebe.

Kuhusu Kitavi nimemwandikia Kibe pia: mzee huyo ndiye mtu pekee kwenye mstari ule aliyesema kweli akijua bei yake. Sijui kama itasaidia.

Sharti la 9 linarudi kama lilivyokuwa, au jina langu haliwekwi popote. Kibe amekubali. Lile la kadi nalo linaondoka, na nafasi yake iko wazi. Naomba uliandike wewe. Sentensi moja, ya watu, bila sifa. Nitaigeuza hesabu mwenyewe.

Naliaka


Kangemi,
Jumamosi, 14 Juni 2025

Dada Naliaka,

Salamu. Mvua imepungua, Mama ameanza kuuza na ndizi, goti limeshindwa kesi. Beryl anakusalimu. Anasoma hapahapa begani, nimeacha kumkataza.

Sentensi yangu uliipata: Upepo hautaanza mpaka mtu aingie aangalie kila pembe, atoke, na aseme kwa sauti hakuna mtu. Bwana Kibe alisema ni ndefu. Wachira akasema iache.

Vibarua wamerudishwa kumi na mmoja kati ya kumi na saba. Mimi nimo, Kimanzi hakutaka, amerudi Mwingi. Kitavi ana kadi yake tena tangu Jumatano. Bado haniongeleshi, ila jana alinisogezea chuma cha kunolea visu bila kuangalia upande wangu. Nimekichukua hivyohivyo.

Alhamisi Bwana Kibe alikuja kujaribu mlango. Akasema lazima mtu afungiwe ndani, upepo uanze, asukume mkono wa chuma wa kufungulia mlango kutoka ndani, tuone kama sharti la 9 linatii. Akauliza nani ataingia. Unajua wale watu na gamubuti zao, wakaanza kuziangalia.

Nikaingia. Peke yangu, si kwa mgongo wa mtu. Mlango ukafunga. Kengele sekunde sitini, nikazihesabu zote. Sikuimba, na hakukuwa na mtu wa kumtania. Feni ikazunguka, baridi ikaja ile inayoingia kwenye meno, nikawaza hesabu yako yote imesimama kwenye huu mkono wa chuma, na mkono wa chuma haujasoma barua yako. Nikasukuma.

Ukagoma kidogo. Halafu ukafunguka, na upepo ukakatika nyuma yangu kama mtu aliyeambiwa nyamaza.

Nje Bwana Kibe alikuwa na karatasi ya kujaza. Jina la aliyejaribu, na pembeni namba ya kadi. Akanipa kalamu. Wachira alikuwa anaangalia, Kitavi alikuwa anaangalia. Mahali pa jina nikaandika jina. Mahali pa namba nikapiga mstari, nikarudisha kalamu.

Lusweti